Nilimpa binti yangu jina la Mariota, mamangu akakunja mkeka wake

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Hii sikuhadithiwa na jirani, ni yangu mwenyewe, na bado inaniuma kidogo.

Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, hapa mjini natengeneza simu. Kwetu binti wa kwanza hurithi jina la mama ya babake. Mamangu anaitwa Maria. Dada zangu walishapeleka majina kwa wakwe zao, so mama alikuwa akiningoja mimi tu.

Shida ni kwamba akina Maria ni wengi jamani! Ita Maria sokoni uone shingo zitakavyogeuka. Darasani kwetu walikuwa watatu, mwalimu akawapa namba kama jezi.

Mke wangu alipopata mimba nikaanza kusikrol majina ya wasichana ya kale, ya Ulaya ya miaka mia saba huko nyuma. Ni ugonjwa huo! Unakuta jina unalolijua tangu utotoni limevaa nguo ambayo hujawahi kuiona.

Hapo ndipo nikakutana na Mariota. Ni Maria yuleyule, ila wa zamani, watu wameshamsahau. Nikasema hili ni la binti yangu, akiitwa atageuka yeye peke yake. Na mila nimetimiza. Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya kumpeleka mtoto Wema, mama alikuwa ametandika mkeka mpya uani. Aliusuka miezi yote ya mimba kwa ajili ya somo wake, yaani huyo mwenye jina lake.

"Haya, mtaje."

"Mariota."

Nikamweleza kwa madoido, mama, ni jina lako hili, la kale kabisa, Tana River nzima hakuna mwingine nalo.

"Ni zuri," akasema. Akambusu mtoto, akamrudishia mke wangu. Kisha akainama, akaukunja mkeka, akaingia nao ndani.

Wakuu, afadhali angenitukana.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani, mkeka magotini.

"Mimi ni somo wa bibi yangu," akaniambia. "Maria akiitwa, tulikuwa tunaitika wawili. Alipokufa nikabaki kuitika kwa niaba yake. Huyu wako akiitwa, nani ataitika naye?"

Nilitafuta jina lisilo na mtu, na kweli nililipata.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado. Nikamwandikisha Maria.

Sitawadanganya, Mariota bado nalipenda, nimelihifadhi kwenye simu. Tukijaliwa binti mwingine tutaongea. Ila nimejifunza kwamba kabla hujampa mtoto jina la peke yake, uliza kwanza nani amekuwa akimngoja.

Sasa ana mwaka na nusu. Jumapili iliyopita tulikuwa Wema, nikaita, "Maria!"

Mama akaitika kutoka jikoni, "Abee!"

Na pale mkekani, kasauti kadogo kakafuata, "Bee!"

Nyinyi wenzangu mmebeba majina ya nani? Na mngekuwa mimi mngefanyaje? Hata wa kunicheka karibuni, nasoma yote.