Spoki Kwenye Tundu la Plagi

Usiku ule nililala na oili mikononi, maana hata nguvu ya kunawa sikuwa nayo. Kutwa nzima nilikuwa nimepigana na pikipiki ya marehemu Ambokile, rafiki yangu, fundi aliyenifundisha kazi mimi niliyeishia darasa la tatu. Hapa Tukuyu wanaozijua pikipiki za zamani, zile za platini, vyuma viwili vinavyoachana ndipo plagi itoe moto, nimebaki mimi. Nalisema hilo bila haya. Lakini hii ilinishinda. Ukipiga kiki inakurudishia teke. Ikikubali kuwaka, inachemka, na mlima wowote inaukataa. Ilishamuumiza kifundo cha mguu Sekela, binti wa Ambokile, anayeitumia kupelekea maziwa. Jioni akaniambia taratibu kwamba asubuhi watu wa chuma chakavu watakuja kuichukua. "Pumzika sasa, baba mdogo." Lile neno liliniuma kuliko tusi.

Nikalala, na nikajikuta gereji, mchana, mvua inanyesha lakini bati halilii. Ambokile amekaa juu ya tairi lake lile lile la kukalia. Mikono yake ni safi. Hapo ndipo niliposhtuka, maana siku ya kumwosha tulisugua mpaka tukachoka, akazikwa na weusi wake chini ya kucha.

"Bado unapiga kiki kama unafukuza mbwa," anasema.

Nikaanza kujitetea. Platini nimesafisha, kondensa nimebadilisha, alama ya kwenye sumaku, lile gurudumu la ubavuni mwa injini, nimeilinganisha na ya kwenye injini, zimekaa sawa kabisa. Anatoa spoki mfukoni. Mara hatupo gereji, tuko kwao kwenye migomba, na pikipiki imeegeshwa juu ya kaburi lake, wala sioni ajabu. Anafungua plagi, anatumbukiza spoki kwenye tundu mpaka inakaa juu ya pistoni. Anachana karatasi ya sigara, anaibana katikati ya platini, ananipa ncha niivute polepole huku yeye akizungusha sumaku kwa kiganja. Ndivyo alivyonifundisha enzi zile: karatasi ikiachia, hapo ndipo moto unaporuka, na spoki inatakiwa iwe imebakiza kidogo tu kufika juu.

Karatasi inaachia. Natazama spoki. Iko chini huko, ndiyo kwanza inapanda.

"Moto unawahi," nasema. "Lakini alama ziko sawa."

"Alama iko kwenye sumaku. Platini inafunguliwa na sumaku hiyo hiyo. Umemuuliza mtu, ukaenda kumuuliza na ndugu yake. Pistoni hujaiuliza."

Nataka kumwambia akae kidogo, tuongee mengine, nimebaki peke yangu na kazi hii na magoti yananiuma. Ameshasimama. Anajifuta mikono isiyo na uchafu, na sasa uso wake umechoka kama wangu.

"Kwa ajili ya pikipiki sitakuja tena. Njia ni ndefu, ndugu yangu."

Nikaamka nimebana ncha ya blanketi kwa vidole viwili, naivuta polepole.

Sikungoja chai. Nikaenda kuifungua ile sumaku. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti ya injini kilikuwa kimekatika nusu. Sumaku ilikuwa imejisogeza, ikaondoka na alama yake. Kutwa nzima nilikuwa nimeamini alama iliyohama.

Watu wa chuma chakavu walishafika na kamba zao. Nikawaambia wanywe chai au waondoke, wachague wenyewe. Sekela akaja akichechemea, akakitazama kile kipande kwenye kiganja changu, akaniuliza nimejuaje.

"Baba yako kanionyesha. Na kasema harudi tena," nikamwambia, nikamsogezea tairi la Ambokile. "Kwa hiyo kaa hapa. Shika ncha ya karatasi hii, uivute polepole."