Magunia Yalipofika Bila Maji

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na silisemi hilo kwa aibu. Waliosoma kunizidi nimewapandisha kwenye lori na nimewashusha. Kazi niliyoifanya, siku hizi wanaiita umeneja wa ugavi. Sisi Masasi tulikuwa tunasema tu, "yule wa mzigo," na kila mtu anajua anayetajwa ni mimi.

Nilianza utingo kwenye lori la chama cha ushirika, enzi korosho zote zina mnunuzi mmoja. Kisha serikali ikafungua biashara. Wanunuzi wakaja kama kumbikumbi, kila mmoja na mizani yake, wengine hata kubangua korosho hawajawahi kuona. Tajiri mmoja wa Masasi, wa ukoo uliofanya biashara tangu babu zao, akaniita dukani kwake Mkomaindo.

"Kuandika unajua?" akaniuliza.

"Jina langu naliandika. Lakini najua gari lipi litapanda Newala na lipi litalala njiani."

Akanipa kazi.

Watu hudhani biashara ya korosho ni kununua. Kununua ni kazi ya mwenye mdomo. Kazi yenyewe ni gunia lifike kabla ya korosho, gari lifike kabla ya mvua, na mzigo ufike Mtwara kabla ya meli kuondoka. Kimoja kikichelewa, vyote vimechelewa, na atakayetukanwa ni yule wa mzigo.

Sasa, Newala maji ni shida. Watu wako juu uwandani, maji yako chini bondeni, na mwanamke wa kule ndoo moja inamtoa jasho la ndoo mbili. Gari likifuata korosho linapanda na magunia matupu. Gunia tupu halina uzito. Mimi nikaona kupandisha upepo mlimani ni upumbavu, nikaanza kufunga mapipa ya maji nyuma ya lori. Sikuyauza. Tukifika kijijini wanawake wanakinga, halafu tunapima korosho. Mnunuzi mwingine akija kuwanong'oneza bei, wanamwuliza, "Na maji yako yako wapi, baba?" Hakuna aliyenifundisha hilo darasani.

Msimu mmoja, mvua zikinukia, tajiri alipata habari kwamba meli iko Mtwara na haitasubiri mtu. Magunia mwaka ule yaligombaniwa kama mchele wa msibani, na yeye alikuwa ameyapata. Akataka yapande mengi kwa mara moja, tuanzie kijiji cha mwisho, tuyagawe tukirudi, vijiji vifungashe mapema. Akasema mapipa yashushwe, magunia yakae mahali pake. Dizeli akaipima ya kwenda na kurudi, basi. Sikubishana naye. Meli ni meli.

Nilikuwa nimetanguliza salamu katika kijiji cha mwisho, kule ukingoni kabisa mwa uwanda, kwamba tunakuja Alhamisi. Sikutaja maji, wala wao hawakuuliza. Gari langu na maji kwao vilikuwa jambo moja.

Dereva wangu alikuwa Mngoni wa Songea, mimi ni Myao, kwa hiyo tulikuwa watani, na safari nzima ilikuwa matusi. Gari likikoroma kwenye mlima anasema, "Hapa ndipo babu yako alipotupa viatu akikimbia mkuki wa babu yangu." Namjibu, "Hakuwa na viatu. Na babu yako hakumkimbiza kwa vita, alisikia harufu ya ubwabwa." Ndivyo tulivyofika.

Tulipoingia kijijini tukasikia vigelegele. Wanawake walitoka kwenye kila uchochoro na ndoo, sufuria, mabeseni, wengine wamevaa kanga mpya za sare, nyuso zimepakwa unga. Ngoma ilikuwa inapigwa upande wa pili. Wakalizunguka lori. Mmoja akapanda kwenye gurudumu, akachungulia ndani, akashuka polepole.

"Magunia," akasema.

Vigelegele vikakatika kama kamba.

Akatoka bibi mmoja, mkavu, mfupi, amejifunga kibwebwe. Ndiye aliyekuwa kungwi wao, mkuu wa unyago. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia.

"Mwanangu, wali wanatoka leo."

Wali ni wasichana waliokuwa ndani wakifundwa. Siku ya kutoka lazima waogeshwe kwanza, wapakwe mafuta, wavishwe, ndipo waonyeshwe kwa watu. Asiyeogeshwa hajatoka. Hakuna njia ya mkato.

"Tumepanga leo kwa sababu ya gari lako," akaendelea. "Wageni wametoka Lisekese kwa miguu. Maji tuliyokuwa nayo yameishia kwenye vyungu vya ugali. Sasa niambie, nitawaogesha kwa magunia?"

"Twende bondeni tukachote," akasema kijana mmoja wa kiume.

"Ukienda sasa utarudi jua limezama," kungwi akamkata. "Mwali hatoki gizani kama mwizi."

Wakanitazama mimi. Nikamtazama dereva. Akatikisa kichwa. Dizeli ilikuwa ya kurudi Masasi tu. Tukishuka bondeni, kupanda tena tungepanda kwa kusukuma.

Nikajaribu njia yangu. Nikawaambia wanaume, basi tufungashe korosho huku tukifikiria. Uwanja mzima ulikuwa na malundo ya korosho zilizoanikwa, zimekauka vizuri, ukizitikisa zinalia. Hakuna aliyeinama. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea mlango, kwamba wali wakiwa hawajatoka, uwanja huo hauna kazi. Kumbe tulikuwa tumefungwa wote, wao kwa maji, sisi kwa korosho, na kamba ni moja.

Dereva akanisogelea. "Mtani, nakuacha hapa rehani. Wakikuogesha kwa makosa, nitawaambia kwenu umekua."

"Angalia juu," nikamwambia.

Wingu lilikuwa limepanda kutoka Ruvuma, jeusi, lenye haraka. Kwa mtu wa korosho wingu hilo ni adui. Korosho iliyokauka ikiloana inaanza kuota ukungu, na mwaka wa mkulima umekwisha hapo. Nikaruka kwenye lori, nikafungua turubai, nikalibwaga chini. Lilikuwa kubwa, zito, linafunika lori zima. Nikawaita vijana tulivute kwenye malundo, na hapo walikubali kwa sababu kufunika si kufungasha.

Tumelifikisha katikati ya uwanja, kungwi akakanyaga ncha yake.

"Hili halivuji?"

"Halivuji, bibi."

"Basi linakinga."

Nikaelewa. Nyumba zao zote zilikuwa za nyasi, na maji ya nyasi ni mekundu, mwali haogeshwi nayo. Turubai lilikuwa moja. Ama lifunike korosho, ama likinge maji.

"Bibi, korosho hizi ni chakula chenu cha mwaka," nikamwambia.

"Si zangu. Muulize mwenyewe."

Lundo kubwa kuliko yote lilikuwa la mwanamke mjane aliyesimama nyuma yake na beseni tupu. Binti yake alikuwa mmoja wa wale wa ndani. Aliangalia lundo lake. Akaangalia wingu. Matone ya kwanza yakaanza kupiga vumbi, naye bado anaangalia.

"Mikorosho itazaa na mwakani," akasema. "Huyu nimemzaa mmoja, na anatoka mara moja. Kingeni."

Hakuna aliyempinga, hata wenye malundo mengine. Turubai likageuzwa, maana upande wa juu ulikuwa na vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, likafungwa pembe kwenye miti, likalegezwa katikati. Mimi nikafanya jambo lililobaki. Nilikata kamba za marobota, nikaanza kumwaga magunia ya tajiri juu ya korosho, matano kwa matano. Wanaume wakanifuata. Dereva, ambaye dakika ile hakuwa na utani hata kidogo, alikuwa anayatupa kutoka juu ya lori mpaka likabaki tupu.

Mvua haikukaa. Ilipiga kwa nguvu, ikapita kuelekea Masasi. Turubai lilishiba, wanawake wakawa wanachota kwa mabeseni, wakiimba, wakipokezana mpaka nyuma ya uzio. Sisi wanaume hatukuruhusiwa kusogea. Nilisimama na gunia kichwani, maji yananichuruzika mgongoni, nikasikia wasichana wakipiga ukemi kwa baridi huko ndani, na wanawake wakicheka.

Walitoka jua likiwa bado juu. Wamepakwa mafuta, macho chini, kanga mpya. Mjane alimtuza binti yake kwa kumfunga kitambaa chake mwenyewe, akabaki kichwa wazi.

Malundo tuliyafunua baadaye. Korosho za chini zilisalimika. Za juu zililoana, na magunia karibu yote yalikuwa yanakamuliwa. Hakukuwa na mzigo wa kushusha. Tukarudi Masasi na lori tupu.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala.

"Korosho ziko wapi?"

"Zinaanikwa upya."

"Na magunia?"

"Nayo yanaanikwa."

"Umefanya nini, mzee?"

Nikamweleza yote, sikupunguza. Alisikiliza akisugua paji la uso. Meli ile hatukuiwahi, na nilijua, naye alijua nilijua. Nilikuwa nimeshajiandaa kurudi utingo.

"Wale wasichana," akasema mwishowe. Mama yake huyo tajiri alikuwa kungwi kwa Wayao wa Masasi, mji mzima unalijua hilo. "Walitoka?"

"Walitoka wote."

Akavuta kiti, akanisogezea.

"Kaa. Tutafute meli nyingine."