Kengele ya saa kumi na mbili iliyolia saa nne

Leo kompyuta yangu imefunga ibada kabla ya mchungaji!

Kengele ya kanisa letu hapa Isevya naipiga kwa kompyuta yenye mfumo wa Linux. Nimeiwekea taima: kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi inawasha programu ya kengele kwenye spika. Na elimu yangu ni darasa la saba hilihili. 😎

Alfajiri umeme ukakatika. Ukarudi saa nne, mahubiri yamekolea.

Ngo! Ngo! Ngo!

Kwetu kengele ikilia ukiwa ndani, ibada imeisha. Nusu ya kanisa wakasimama!

Kumbe taima nilishaiagiza: ukikosa zamu kwa sababu umeme umekatika, ifanye ukiamka. Ikafanya!

Mzee wa kanisa akanijia juu: "Ng'oa hilo dude, turudishe ringi ya gari ya kugonga!"

Nikamjibu, "Shikamoo mzee wangu, lakini siling'oi. Ringi ikikosa mpigaji inanyamaza. Hili limezimwa na bado limelia!"

Mchungaji akawauliza waumini kama ling'olewe au libaki. Bibi mmoja akasimama. "Liacheni. Baba mchungaji, lilipolia ulikuwa umeshamaliza, unarudia tu."

Mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akakaa.

Taima ipo palepale. Anayebisha aandike hapa chini, nimjibu!