Nilivyomvalisha baba suti kwenye picha yake ya vita

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimepita miaka themanini, sina tena sababu ya kumdanganya mtu. Haya yalitokea kwetu Shauri Moyo, miaka ya sabini.

Kama kuna neno moja ningelikataa maishani, ni lile la binamu yangu Gathogo: "Hiyo picha ya baba yako ipakwe suti. Ile ya zamani choma."

Picha yenyewe ilikuwa moja tu. Baba, Njoroge, amesimama na kaptura ya jeshi na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, kabla ya kupanda meli kwenda Burma. Mimi nilikuwa tumboni.

Hakurudi, wala hakuna aliyetuletea habari kwamba amekufa. Mama aliitundika picha juu ya redio, akangoja.

Sasa nilikuwa naoa, na wazee wa mchumba wangu Wanjiru walikuwa wanakuja kutuona. Baba mkwe alikuwa amekaa kizuizini wakati wa Emergency, wazungu walipowafunga waliodai uhuru.

"Akiona Mwafrika kwa uniform ya mzungu, unadhani atauliza ni ya mwaka gani?" Gathogo akasema. "Atasema wewe ni mtoto wa home guard, wale waliotusaliti kwa wazungu. Utarudi sokoni Gikomba uoe mkokoteni."

Nilicheka, nikakubali. (Nilikuwa na form four, na historia nilipita. Nilijua vita vya Burma viliisha kabla home guard hawajakuwepo. Lakini niliogopa kumkosa Wanjiru.)

Fundi wa studio aliikuza, akapaka suti nyeusi na tai. Uso nao akausugua ukawa laini kama wa karani wa benki. Ya zamani niliitia kwenye jiko.

Mama aliitazama ile mpya. "Na huyu mwanamume alinunua suti lini bila kuniambia?"

Akauliza ya zamani iko wapi. Nikamwambia ukweli. Akaniuliza kama nimekula.

Baba mkwe aliisifu picha. Nikapewa mke, na chai ninayokunywa nikiandika haya ni yake.

Miaka michache ikapita. Siku moja akaja Mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa Burma. Alikuwa amesikia Gikomba, kule Mama alikouza mitumba, kwamba kuna mama anayemngoja askari aitwaye Njoroge.

Akatuambia kikosi chao kilikuwa na akina Njoroge wawili, wote vijana wembamba wa Murang'a. Mmoja alikuwa mbeba majeruhi. Huyo aliuawa, wakamzika kando ya mto. Wa pili alikuwa dereva. Huyo alishuka meli Mombasa vita vilipoisha, akasema harudi bara, amepata mwanamke.

Mama aliweka kikombe chini.

"Nionyeshe picha, mama Kimani," akasema Mutiso. "Wabeba majeruhi walivaa kitambaa chenye alama kwenye mkono wa shati. Hapo mtu hakosei."

Nikaishusha. Akaisogeza dirishani, akapitisha kidole kwenye mkono wa ile suti.

"Huyu ni bwana harusi," akasema. "Uso huu siujui, mama. Pole."

Mama akasema, "Mkononi palikuwa na kitu. Au hapakuwa. Nimepangusa hiyo picha miaka yote, lakini mimi nilikuwa natazama uso."

Mimi nilikumbuka kofia tu, na kofia wote wawili walivaa.

Jioni, tukiosha vikombe, Mama aliniambia, "Usijitese, Kimani. Wewe ulitaka kuoa."

Wakuu, mkiwa na picha za vita nyumbani, msizikate wala kuzipaka. Kofia peke yake haisemi kitu. Tazameni mabega, mikono, mkanda, viatu. Ulizeni wazee mapema: huyu ni askari, ni dereva, au ni raia aliyeazima koti?

Waliofanikiwa kutambua sare za wazee wao, tuambieni mliangalia nini. Wa kunilaumu pia waseme, nimezoea.

Nilienda Mombasa kutafuta. Kila niliyemuuliza alitaka kuona sura, na sura sikuwa nayo.

Mama alikufa bila kujua kama alikuwa mjane au mke aliyeachwa. Nami sijui kama baba yangu amelala Burma, au alizeekea Mombasa akilea watoto wengine.