Wanjira na Jicho la Kivuti

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Wanjira ni namna alivyompangia mgeni mahali pa kukaa. Nilipoingia nyumbani kwake mara ya kwanza, mwezi wa pili mwaka huu wa 1957, nilivuta kigoda nikakiweka kushotoni kwake. Alikisukuma kwa mguu mpaka upande wa kulia, wala hakuacha kupepeta kunde zake.

"Kaa huku, mwalimu," alisema. "Upande ule hauna dirisha. Ukicheka huko sitakuona, nitadhani umenuna."

Mimi si mwalimu, lakini katika vijiji hivi kila kijana mwenye viatu na kalamu ni mwalimu. Tangu nilipomaliza masomo ya sayansi Makerere, nimeajiriwa na daktari mmoja wa macho, mwanamke, anayezunguka hospitali za Embu na Meru. Anachunguza saratani inayoota ndani ya jicho la mtoto mchanga. Kazi yangu ni kwenda katika nyumba zilizopatwa na ugonjwa huo na kuuliza: nani aliugua, ni mtoto wa nani, na ndugu zake wako wapi.

Wanjira ana miaka thelathini hivi, ni mwembamba, jicho lake la kushoto halipo, na mikono yake imekomazwa na kazi ya lazima ya kuchimba handaki linalozunguka kijiji. Kijiji chenyewe ni kipya, nyumba zimebanana, katika njia inayoshuka kutoka Embu kuelekea Kiambere, na watu wamekusanywa humo kwa amri ya Serikali. Mumewe yuko kizuizini. Anaishi na mwanawe mkubwa, Njue. Na binti mchanga, Mukami, ambaye siku ile alikuwa na miezi mitano. Na mama mkwe wake, ambaye pia ni Mukami. Kijiji kizima humwita huyu Cucu, yaani bibi.

Jina hilo kuwa la wawili si ajabu. Hapa mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke, na binti wa kwanza la mama wa mume. Si jina tu analopewa. Mtoto ndiye mzee mwenyewe aliyerudi. Wanjira akimbembeleza binti yake humwita "Mama", na Cucu akimwona mtoto analia huuliza, "Mbona mnaniacha na njaa?"

Desturi hii, ambayo mimi mwenyewe nimelelewa nayo huko Meru, ndiyo iliyoifanya nyumba ile ikosee.

Baba yake Wanjira aliitwa Kivuti. Tangu utotoni jicho lake moja lilikuwa limesinyaa kama zabibu kavu. Wanjira alipomzaa mtoto wake wa pili wa kiume, alimwita Kivuti kama ilivyopasa. Mtoto alipokaribia mwaka, usiku mbele ya moto, jicho lake lilianza kung'aa weupe kama la paka. Baadaye likavimba. Hakufikisha miaka mitatu. Nyumba yote ikaona jambo liko wazi: Kivuti amerudi na jicho lake. Ugonjwa, walisema, umo ndani ya jina. Kwa hiyo binti alipozaliwa akapewa jina la Mukami, ajuza ambaye mpaka leo hutunga shanga bila kumwomba mtu msaada, wakashusha pumzi. Huyu hana hatari.

Sisi tulijua habari nyingine. Mwezi uliotangulia nilikuwa Kibirichia, katika mashamba ya viazi, kwa mama mmoja aitwaye Kiende. Mumewe ana jicho moja, na watoto wao watatu kati ya saba wamepatwa na uvimbe. Kule ni baridi, watu hula viazi na maziwa, huota moto wa mierezi. Huku ni joto, watu hula mawele na kunde, huota moto wa migunga. Maji si yale, moshi si ule, na hao watatu wa Kiende wana majina ya watu watatu mbalimbali. Kitu kimoja tu kililingana: mzazi aliyeugua utotoni akapona, karibu nusu ya watoto wake waliugua, wa kiume kwa wa kike. Katika kila nyumba ya namna hiyo tuliyoifikia, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Daktari anaamini kwamba ugonjwa huu husafiri ndani ya chembe za urithi, zile ambazo mzazi humgawia mtoto nusu ya zake. Ni chembe ipi, bado hakuna ajuaye. Mimi nina hakika atatokea wa kuigusa kwa kidole. Lakini hata bila kuijua tunaweza kumwambia mama: mtazame mtoto huyu sasa, kabla jicho halijang'aa, maana likishang'aa mara nyingi tumechelewa.

Nilimwambia Wanjira hivyo hivyo. Aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo si jina."

"Si jina."

"Na binti yangu?"

"Kama jicho lako lilitoka kwa ugonjwa huo, basi ni kama kurusha sarafu."

Ukweni kwa Wanjira walijua kwamba jicho lake lilichomwa na mwiba wa mgunga alipokuwa akichunga mbuzi. Ndivyo baba yake alivyosema wakati wa posa. Wanjira alikuwa amesikia mengine kwa mama yake: kwamba lilimetameta kama la paka, kwamba wamisheni walilitoa kabla hajajua kutembea. Alijua pia kwamba, mume akiwa hayupo, mtoto hatoki kijijini bila idhini ya Cucu. Na ili kuipata idhini hiyo ingembidi auangushe ule mwiba mbele ya mama mkwe, akubali kwamba kilichomuua Kivuti mdogo kilipitia kwake. Kuna wanawake waliorudishwa kwao kwa machache kuliko hayo.

"Kaa tu," aliniambia. "Akija nitasema leo. Kesho nitakuwa nimeogopa."

Cucu aliingia alasiri, mtoto mgongoni. Aliposikia habari ya hospitali aliketi polepole.

"Wanataka kuyatazama macho yangu?" alisema. "Mwalimu, tunga shanga hizi tushindane."

"Si yako, Cucu, ni ya mtoto," nilijibu.

"Mtoto ni nani? Huyu ni mimi. Mkisema macho ya Mukami ni mabovu mmenitukana mimi, na mama yangu, na aliyempa jina."

"Mama," Wanjira alisema, "jicho langu si mwiba."

Cucu hakugeuka. Wanjira akaendelea bila kupaza sauti, akaeleza yote, la paka, la wamisheni. "Mimi sikuitwa Kivuti. Niliitwa Wanjira, jina la bibi yangu, aliyekufa na macho yake mawili. Jicho lilinipata hivyo hivyo."

Nje mbuzi walikuwa wakirudishwa zizini, na Cucu aliwatazama kupitia mlangoni kama mtu anayewahesabu.

"Baba yako alituficha," alisema mwishowe.

"Alificha, nami nikafuata. Nifukuze kesho ukitaka, Mama. Ila leo nisikilize. Yule beberu wako wa sikio lililokunjika, aliyechinjwa kwenye harusi yangu, wanawe wako wapi?"

"Si wale pale. Huyo mweusi, na yule wa madoa, na mwingine kwa mke wa hedmani."

"Masikio yao?"

"Wengine yamekunjika, wengine yamesimama. Unaniuliza mambo ya mbuzi mimi?"

"Wale wenye masikio yaliyokunjika, uliwapa jina la baba yao?"

Cucu alicheka puani. "Nani huyo anayempa mbuzi jina la babu yake?"

Alipomaliza kusema, mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Nimesoma vitabu vingi kuhusu urithi wa mimea na wanyama, na mitihani yake niliipita vizuri, lakini sijaona ukiingia kichwani mwa mtu kwa haraka namna ile. Alimfungua mtoto mgongoni, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango na kumtazama jicho hili, kisha lile.

"Sioni kitu."

"Wala sisi hatutaona," nilisema. "Daktari ana taa ya kuona ndani kabisa, mpaka nyuma ya jicho."

"Haya. Lakini Mama Njue habebi mtoto huyu. Akiondoka watasema amekimbia handaki. Nitajipeleka mwenyewe." Kisha akamgeukia Wanjira. "Na baba yako, siku nitakayomkuta huko aliko, nitamshika masikio."

Kwa Cucu hiyo ndiyo ilikuwa rehema. Habari ya kurudishwa kwao haikutajwa tena.

Kulikuwa bado na pasi ya kusafiri, maana bila hiyo hakuna aliyetoka kijijini. Hedmani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Serikali, mtu mnene aliyevaa kofia hata kivulini, alimtazama mtoto aliyekuwa akitafuna kidole, akauliza anaumwa nini.

"Haumwi," Cucu alisema.

"Basi pasi ya nini? Mzima haendi hospitali. Ngoja aumwe."

"Wewe, mwana wa Kathambi, hilo handaki unalotuchimbisha kila siku, ni la kungoja adui aingie kwanza?"

Homgadi, askari walinzi wa kijiji, waliokuwa mlangoni waliangalia chini ili wasionekane wakicheka. Pasi ilitoka.

Hospitalini mtoto alitiwa dawa ya matone ya kupanua mboni, akalazwa usingizi, na daktari akainama na taa yake. Njue, tuliyempeleka pia, alikuwa salama kabisa. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa safi. Katika la kulia, pembeni, mbali na mahali pa kuonea, palikuwa na doa dogo kama punje ya wimbi. Daktari aliniita nitazame. Nilipoliona sikuhuzunika kama nilivyotazamia, kwa sababu watoto wote wa Kibirichia tuliwakuta wakati hakuna tena la kufanya ila kulitoa jicho au kuzika. Hili lilikuwa dogo, na tulikuwa tumewahi. Cucu alisafiri na mtoto kwa gari la hospitali mpaka hospitali kubwa, wakalichoma doa lile kwa joto la umeme, wakarudi. Cucu aliwaambia majirani kwamba amechomwa jichoni na hakusikia uchungu wowote.

Nimemtembelea Wanjira mara nyingi tangu hapo. Bado anachimba, bado anapepeta kunde. Amenitajia nyumba mbili za shangazi zake ambazo sikuwa nazijua, akaandamana nami katika mojawapo, akamwambia binamu yake aliyekuwa amejifungua, "Usinitazame usoni kwa huruma. Mtazamishe mtoto wako." Ameniambia kwamba akijaliwa mwingine, mume akirudi, ataletwa kwa daktari kabla hata ya kunyolewa.

Sasa tunangoja. Daktari atarudi Embu kutoka Meru Jumatano kulitazama tena lile doa. Likiwa limekuwa kovu bapa, jeupe, limekufa. Daktari anatumaini hivyo, nami zaidi yake. Barabara ya kutoka Meru iliharibiwa na mvua wiki iliyopita, na Cucu huwauliza madereva wa malori mmoja mmoja kama wamepita salama. Pasi imekwisha kutiwa sahihi. Wanjira amefua shuka la kumbebea mtoto na kulianika juu ya ua. Leo ni Jumatatu, na mvua haijanyesha tangu asubuhi.