Mshipi wa Nabiswa

Lusweti alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Tangu mkewe Nabiswa afariki, hayo machache nayo aliyatoa kama mtu anayetema kokoto. Watu walipanda ngazi hadi chumbani kwake, orofa ya tano pale Kware, Nairobi, wakampa mkono, wakaambiwa "ahsante", wakakaa. Mwili ulikuwa mochari. Kesho yake asubuhi ungevishwa na kuanza safari ya Bungoma. Jambo moja tu lilikuwa halijatulia, na ndilo lililomchosha mzee kuliko kilio chenyewe: mshipi.

Kanisa la Nabiswa ni la kanzu nyeupe na mshipi wa kitambaa kiunoni. Mama wa kanisa hilo akifa, wenzake humwosha na kumfunga mshipi wake. Asiyefungwa huhesabiwa amekufa nje ya kundi, na hakuna wa kumwimbia. Zamani mshipi ulikuwa mmoja, mwekundu. Kisha mchungaji akapata kiwanja Njiru, akataka kanisa lihamie huko. Nusu wakamfuata na kujifunga kijani. Nusu wakabaki na mabati yao ya Kware na wekundu wao. Wala halikuwa jambo la kabila, ambalo Nairobi tungelielewa upesi. Kila upande ulikuwa na watu wa magharibi na wa kati mwa nchi, ndugu kwa ndugu.

Nabiswa hakuhama wala hakubaki. Jumapili moja alisali Kware, inayofuata Njiru, kiuno kitupu kote kuwili.

"Hii sasa ni faraka," alisema siku moja akipika chai.

Lusweti hakukanyaga darasa. Kiwandani alikobeba magunia hadi mgongo ukapinda, watu waligombana, walitukanana, walirushiana ngumi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wamefarakana.

"Si ni ugomvi tu?"

"Ugomvi ni maziwa yakifurika, Baba Wakoli. Punguza moto, yatashuka. Faraka ni maziwa yakikatika. Koroga utakavyo, utadhani yamechanganyika. Hebu weka kijiko chini uone."

Mzee alikunywa chai yake. Neno likamkaa.

Jioni ile ya mkesha wa safari alikuja Triza, kiongozi wa akina mama waliobaki Kware, na mshipi mwekundu ndani ya mfuko. Kabla hajaketi vizuri, akaingia Nduta, wa Njiru, na wake wa kijani. Hao wawili walikuwa wamekaanga mandazi pamoja na Nabiswa miaka na miaka, jiko moja, karai moja.

"Karibu, mama," Triza alisema bila kugeuka. "Naona umetuletea vumbi la Njiru."

"Vumbi la kiwanja chetu hilo. La kwenu ni la kupanga."

"Tunapanga, lakini tuko. Wewe ulimtembelea mgonjwa lini?"

"Ulizia majirani. Wewe ukitoka, mimi naingia. Nilikuwa naikuta harufu yako hapa mlangoni."

Mzee aliinua mkono, wakanyamaza. Alijua kwamba akiupokea mwekundu, wa Njiru wote wataondoka. Akiupokea wa kijani, wa Kware hawatatia mguu. Nabiswa alitaka kuimbiwa na watu wake. Hakusema nusu.

"Mje wote wawili," alisema. "Mumwoshe pamoja. Mshipi mtakaokubaliana, huo ndio mumfunge."

Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea pale mochari, leso kuukuu ya Nabiswa begani. Ndiyo aliyowabebea watoto mgongoni, na ndiyo mzee aliyofungia kanzu ya marehemu kuileta. Ndani alisikia maji. Alisikia "inua hapo," na "polepole, mama." Kisha sauti ya Triza:

"Hili kovu unalikumbuka? Karai lilipopinduka?"

"Siku ya harusi ya Mitchelle wako. Na bado alikataa kwenda hospitali, eti wageni watakula nini."

Wakacheka. Kicheko kikageuka kilio, wote wawili kwa pamoja, na mzee pale nje akafumba macho. Akathubutu kutumaini.

Kisha maji yakakoma.

"Alibatizwa na mwekundu," Triza alisema.

"Jumapili yake ya mwisho alisali kwetu," Nduta akajibu.

"Kwenu alikuwa mgeni."

"Na kwenu mlimchukulia kama fanicha."

Mhudumu alichungulia. "Mzee, tusonge kidogo. Kuna familia zingine zinangoja."

Lusweti akaingia. Mkewe alikuwa ndani ya kanzu nyeupe, amelala kama mtu aliyechoka kuwasikiliza. Mishipi miwili ilikuwa mikononi mwa wanawake wawili. Hakuitazama. Alichukua leso, akaing'ata ukingoni, akachana utepe mrefu. Akaupitisha chini ya kiuno, akafunga. Fundo likalegea, akalirudia.

"Huo ni wa nani?" Nduta aliuliza kwa upole.

"Wa nyumbani."

Triza alinyoosha mkunjo mmoja wa kanzu, Nduta akanyoosha wa upande wa pili.

Nje, kanisa lilikuwa limesimama makundi mawili, gari katikati. Mtu akapaza sauti: "Amefungwa?"

Triza akamtazama Nduta. "Amefungwa," wakasema.

Kisha kila mmoja akaenda kwa watu wake. Wa Kware wakaanza wimbo, na wa Njiru wakafunga vinywa. Ulipokwisha, wa Njiru wakaanza wao, na wa Kware wakatazama viatu. Lusweti alipanda garini, akaketi kando ya sanduku, kipande cha leso kilichobaki kimefumbatwa mkononi. Kijiko kimewekwa chini, aliwaza.

Walikuwa wamemwimbia wote. Hakuwa na nguvu ya kuomba waimbe pamoja.

"Twende," alimwambia dereva.