Robine ya Siku Moja

Kwani we ulishaonaka munkoyo yenye kupikwa bila mayi? Mi nilibakia kidogo tu niiuzishe!

Hapa Musonoi tulikuwa bamama munane mu avenyi moja, njia moja tu, bote tunapika munkoyo, kile kinywaji ya unga ya muhindi. Tulikuwa tunauzisha kwa bale banachimbaka madini. Banatoka mu shimo na vumbi mpaka mu masikio, banakunywa banasimama. Siku moja bakubwa ba komine, ni serikali ya hapa, bakatuletea robine ya mayi. Bakanichagula mi niifungule, juu niko muzee kupita bote, na kinywa yangu haifungikake. Nikazungusha, mayi ikatoka pwaa! Bakapiga foto, bakanipa kitenge, bakasema, "Mama, weka kidole hapa ku karatasi." Nikaweka. Kuandika siyui, lakini kidole niko nayo!

Kesho yake, kavu. Tukaenda kuangalia nyuma ya ukuta ya robine. Kuko tanki moja ku miguu ya chuma, lakini tiyo ya kuiletea mayi hakuna hata moja. Kumbe kamiyo ya kubeba mayi ndiyo ilikuya kuiyaza asubui ya foto. Jirani wangu akanicheka, "Mama Robine, leta kidole yako tuikamue, pengine mayi iko mule!"

Tukaanza kununua mayi ya bido, madumu yenye bamoto banaleta ku pikipiki. Munkoyo ikapanda bei, bachimbaji bakazoea jus ya chupa yenye inatoka mbali. Bamama bakaacha moja moja, tukabakia babili. Tata mumoja wa kule Kasaji, mwenye alikuwa anatuletea muhindi na treni, alirudia na mifuko yake yote imeyaa mara mbili, kisha hatukumuona tena.

Sasa mutu wa komine akakuya na karatasi ingine.

"Mama, kidole tu. Bakubwa bananingoya."

"Inasema nini, tata?"

"Mambo ya maendeleo, mama."

Mujikulu wangu mwanamuke, mutoto wa binti yangu, mwenye anasoma sekondere, akamunyanganya ile karatasi. "Kambo, inasema mayi inatoka kila siku. Inaomba feza ya kujenga robine ingine tatu sawa hii."

Kwetu mugeni hakosake munkoyo. Nikamupa kopo. Akachungulia ndani, ni unga ya muhindi, kavu.

"Kunywa, tata. Nilipika na mayi ya robine yako."

Jirani wangu akacheka mpaka akaikala chini. Ule tata akakunja karatasi yake, akaenda. Kidole sikuweka.

Kisha juma moja tukasikia alipata kidole ya mama mwingine, kule mwisho ya avenyi. Ye pia kusoma hayui. Mi simukasirikie, hata mi niliwekaka.

Lakini mujikulu wangu hakucheka. Akaniambia, "Kambo, kila siku nikitoka ku masomo nitaikala pale ku robine na kiti yangu. Mama yeyote mwenye batamuletea karatasi, akuye nayo kwangu kwanza. Nitamusomea yote, polepole. Kisha kidole ni yake, ataamua mwenyewe."